Kilimia Juu ya Kilimatinde

Umechoshwa na taa za Dar? Mchukue mwenzio mwende Kilimatinde, wilayani Manyoni, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mvua, kwenye saa tatu usiku Kilimia kinaning'inia upande wa Bahi: kundi la nyota lililowaambia wazee msimu wa kulima umefika.

Mimi na mume wangu tulitega kamera uani kwenye stendi ya miguu mitatu. Lenzi ya milimita 50, sekunde 5 tu; ukizidisha, dunia inazunguka na nyota zinakuwa michirizi. Simu tulizima, mwanga wake unapofusha macho gizani. Nuru tuliyoinasa ilisafiri kama miaka 440.

Katikati ya picha tukaongea tuliyoyaahirisha tangu harusi: watoto, madeni, mama yake kuhamia kwetu. Chagueni usiku usio na mwezi, jamani.