Nyumba ya Pongwe: Shajara ya Mchora Ramani

Jumatatu, 10 Februari 2025, Tanga

Mwalimu mstaafu anayetaka kujenga Pongwe amenionyesha picha kwenye simu yake. Nyumba ya paa la kuficha: kuta zimepanda juu zikalimeza bati lote, madirisha ya vioo vyeusi, rangi ya kijivu iliyokolea. Ameambiwa ramani yake inauzwa ikiwa tayari. Akilipa leo, kesho fundi anachimba msingi. Nimeitazama vizuri. Kwa macho inapendeza. Lakini haina hata shubiri moja ya paa iliyotoka nje ya ukuta, na kwenye pwani yetu hii maana yake ni kwamba kila ukuta na kila kioo kitapigwa na jua na mvua mwaka mzima bila kinga.

Nikamuuliza, "Mwalimu, mchana mtakuwa mnakaa wapi?"

"Sebuleni."

"Na sebule itatazama wapi?"

"Barabarani, mwanangu. Itazame wapi tena?"

Barabara iko magharibi ya kiwanja. Jua la saa kumi litaingia sebuleni hadi chini ya makochi, siku zote za mwaka, na hakuna paa linaloweza kulizuia kwa kuwa saa hiyo linakuja kwa ubavu.

Kiwanja chenyewe ni mita 20 kwa 30, upande mfupi barabarani. Kina mwembe mmoja mkubwa kwenye pembe ya magharibi. Wanataka kuukata ili lori la mchanga lipite. Nimewaomba wasiuguse mpaka nimalize kuchora.

Alhamisi, 13 Februari

Alasiri nimekwenda Makorora, Mwalimu na mkewe wanakopanga sasa, nikae ndani ya joto wanalolikimbia. Saa tisa na nusu. Bati limekuwa juani tangu asubuhi, na chini yake dari ya jipsamu imepigwa bapa, imezibwa pande zote. Nimepanda kwenye stuli nikaweka kiganja darini: moto kama tumbo la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Kisha nikaushika ukuta wa kaskazini. Vuguvugu tu, maana mwezi huu jua lingali kusini kwetu.

Watu wengi wanaojenga hapa wanahangaikia kuta, ilhali karibu na ikweta jua linapita juu ya nyumba, na paa ndilo linalopokea sehemu kubwa ya moto huo. Bati tupu lililochakaa linaweza kupita nyuzijoto 60 adhuhuri. Hewa iliyo kati yake na dari inachemka na haina pa kutokea, kwa hiyo dari inaendelea kumwaga joto juu ya vichwa vya watu hata baada ya magharibi. Pangaboi linasaidia kwa sababu upepo wake unakausha jasho, lakini dari yenyewe haliipoozi.

Nikamwomba mama, mke wa Mwalimu, udi wa kijiti. Nikauwasha mbele ya dirisha la chumbani. Ni dirisha la aluminiamu la kusukuma, vioo viwili. Ukifungua kimoja kinakwenda kukaa nyuma ya mwenzake, hivyo nusu ya dirisha imezibwa wakati wote. Moshi ukapanda wima, ukajikunja darini. Nikamwomba afungue mlango wa chumba na dirisha la jikoni upande wa pili wa nyumba. Moshi ukainama, ukalala kabisa, ukaelekea jikoni bila kusita. Mama akasema, "Kumbe upepo upo!" Upo, tena wa bahari, kila mchana. Ulikuwa hauna njia ya kutokea.

Wanafikiria kununua kiyoyozi. Nimewafanyia hesabu mezani. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja kinavuta karibu kilowati moja mashine yake inapofanya kazi; pangaboi linavuta wati 60 hadi 75. Umeme wa saa moja wa kiyoyozi unazungusha pangaboi saa kumi na tatu hadi kumi na sita hivi. Kwa mstaafu anayenunua umeme wa LUKU kwa pensheni hilo si jambo dogo, na ataununua mpaka mwisho wa maisha yake kwa sababu tu nyumba ilichorwa vibaya siku moja.

Jumatano, 19 Februari

Mwalimu kapiga simu asubuhi: "Wazee walijengaje, hebu niambie." Swali zuri, na nisingependa kulijibu kwa kusifu ya kale yote.

Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyembamba, kwani upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kuta nene zinachelewa kupata joto, na zikishalipata zinachelewa kuliachia. Kule inafaa kwa sababu vichochoro ni vyembamba mno, nyumba zinatiliana kivuli, na ua wa ndani unatoa hewa ya moto juu. Ukiuchukua ukuta ule ukausimamisha peke yake Pongwe, kwenye kiwanja cheupe kisicho na jirani, utakusanya jua mchana kutwa na kukurudishia saa nne usiku unapojaribu kulala. Kinachofaa kuchukuliwa Lamu ni jiko. Wao waliliweka juu darini, chini ya makuti, moshi na joto vikaondoka na upepo bila kupitia chumba cha mtu.

Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti ndiyo baridi kuliko zote, maana makuti hayapitishi joto na yanapumua. Lakini yanaoza, yanashika moto, na kila baada ya miaka michache unaezeka upya. Siwezi kumtwika mzee wa miaka 60 na kitu mzigo huo.

Usiku nimefungua tena majedwali ya Mahoney, yale yaliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1971 kwa kazi ya Koenigsberger, Mahoney na Evans. Unaingiza joto, unyevu na mvua za kila mwezi, jedwali linakuelekeza. Nimeweka tarakimu za Tanga. Majibu: nyumba ndefu, kaskazini na kusini ndiko kwenye nyuso zake, vyumba mstari mmoja ili kila kimoja kipate hewa kutoka pande mbili, uwazi wa asilimia 40 hadi 80 ya kuta hizo mbili, paa jepesi linalokinga joto, kinga ya mvua kubwa. Ni miaka zaidi ya hamsini sasa, na bado tunauza ramani za vyumba vilivyobanana kushoto na kulia kwa korido yenye giza.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeingia Ramadhani, na nimekwenda kiwanjani mapema kabla kiu haijakaza, halafu nikajikuta nimekaa mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimesimika kijiti wima kwenye mchanga. Wiki hii jua linapita utosini mwa Tanga likielekea kaskazini. Kivuli cha kijiti kilifupika, kilifupika, na ilipofika saa sita na nusu na dakika chache kilikuwa kimeingia chini ya kijiti chenyewe. Fundi mkuu alisimama pembeni akitazama, naye akaita vijana wake waje waone. Adhana ya Ijumaa ikafuata muda si mrefu.

Nimerudi nikakokotoa upenu. Tanga ipo nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, adhuhuri, jua linakuwa upande wa kaskazini kwenye kimo cha nyuzi 61 na nusu hivi. Desemba linakuwa kusini kwenye nyuzi 71 na zaidi. Upenu wa mita 1.1 utatia kivuli mita mbili za ukuta wa kaskazini katikati ya Juni, yaani dirisha lote, na upande wa kusini utafunika ukuta mzima mwezi Desemba. Mita moja na kidogo ya bati, kenchi zilizorefushwa na feshaboda. Hakuna mashine ya kupoza nyumba inayouzwa bei hiyo.

Mashariki na magharibi upenu hausaidii kitu. Huko natia stoo, choo na bafu, vyumba ambavyo mtu hakai, viwe ngao. Ukuta wa barabarani utakuwa na kidirisha kimoja kidogo cha juu. Nao mwembe, ulivyosimama, unalifunika jua la saa kumi pale pale panapohitajika. Lori lipitie upande wa pili.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimesoma upya habari za nyumba za Magoda, hapo tu Muheza. Miaka kumi na ushei iliyopita wasanifu na watafiti walijenga pale nyumba sita za majaribio, baadhi za ghorofa, vyumba vya kulala vikiwa juu, kuta nyepesi zinazopitisha hewa na nyavu kila mahali. Walipopima, ndani kulikuwa na joto dogo kuliko nyumba za kawaida za kijijini, na mbu walipungua sana, zaidi katika zile za ghorofa, maana mbu wengi huruka chini chini. Baadaye wazo hilo likapelekwa Mtwara, zikajengwa nyumba 110 familia zihamie, ili afya ya watoto ifuatiliwe.

Nakaa na jambo hili la mbu kwa sababu ndilo linaloua upepo katika nyumba zetu. Watu wanafunga madirisha saa kumi na mbili jioni kwa kuogopa mbu, wanalala ndani ya sanduku. Ukiweka wavu mzuri kwenye kila uwazi, na kuziba ule mwanya kati ya ukuta na paa kwa wavu huo huo badala ya saruji, dirisha linaweza kubaki wazi usiku kucha. Wavu unapunguza upepo, kwa hiyo dirisha liwe kubwa zaidi ya lile ambalo fundi amezoea. Na badala ya vioo vya kusukuma nitaandika luva: zinafunguka zote, na mvua ya masika ikija unaziinamisha tu, hewa inaendelea. Nondo za usalama zikae nje ya wavu.

Ijumaa, 4 Aprili

Idi imepita, mvua imeanza, na leo nimewaonyesha michoro. Mwalimu kakunja uso. "Nyumba inaipa barabara ubavu?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu kusi inatoka kusini mashariki na kaskazi inatoka kaskazini mashariki, na nyumba iliyolala hivi inazipokea zote mbili kwa mshazari, chumba hadi chumba. Hakuridhika. Kwake yeye, mtu aliyefundisha miaka yote ile anastahili nyumba inayotazama watu, na simlaumu. Heshima nayo ni sehemu ya makazi. Nimeongeza baraza pana upande wa barabara, chini ya mwembe, yenye paa lake na viti vya kujengea. Atakaa pale alasiri na wapita njia watamwamkia. Sebule itabaki ndani, kusini.

Mama alikuwa na hoja zake, nzito kuliko za mumewe. Alitaka kujua maji ya paa la kuficha yanakwenda wapi. Nikamchorea mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta, na majani ya mwembe yakiuziba katikati ya masika. Akasema, "Basi hilo liishe." Likaisha.

Tumebishana rangi ya bati. Mwalimu anataka damu ya mzee. Nimewaeleza kwamba rangi nyeupe au ya maziwa inarudisha sehemu kubwa ya jua angani, na kwamba hiyo, pamoja na karatasi ya kung'aa chini ya bati na matundu yenye wavu kwenye pembe za kenchi, itaibadilisha dari wanayoijua. Amekubali nyeupe ila feshaboda iwe damu ya mzee. Sawa kabisa.

Pevingi ya ua mzima nimeikataa. Saruji inayochomwa na jua chini ya dirisha inaupasha moto upepo kabla haujaingia. Njia ya gari tu; kwingineko nyasi na mchaichai.

Jumatano, 16 Aprili

Mwalimu kafurahi mpaka amemtumia ramani shemeji yake Makete, naye kanipigia akitaka aijenge vile vile kule. Nimemkatalia kwa upole. Makete mwezi Juni na Julai watu wanaota moto, na kwenye nyanda za Kitulo baridi inafika hadi kuganda. Nyumba niliyoichora ili joto litoke itawaumiza wenye kutaka libaki.

Kule nitaanza upya. Matofali ya kuchoma, ukuta mnene, uliokusudiwa kweli kunyonya jua la mchana na kulitoa usiku. Sebule na vyumba vya watoto vitazame kaskazini, upenu wa upande huo mfupi, jua la Juni liingie ndani lipige sakafu. Madirisha ya kusini madogo na yenye kuziba vizuri. Dari ya mbao, na juu yake kitu cha kushika joto. Jiko liwe ndani, katikati, lenye bomba la moshi, kwa sababu kule moto wa kupikia ndio unaopasha nyumba.

Nimemwomba anitumie picha za kiwanja asubuhi na jioni, na aniandikie mlima uko upande gani, ukungu unakaa mpaka saa ngapi, na upepo wa Julai unagonga mlango upi wa nyumba yao ya sasa. Amesema atamuuliza bibi yake kwanza.