Utacheza na Nani?

Mtu akishanunua kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, swali la kwanza analoniletea ni lile lile: aanze na gemu za bunduki au gemu za magari? Anataka nimtajie ipi kali, ipi ina picha safi, ipi haitaganda. Hayo nayamaliza haraka. Kisha namuuliza langu: utacheza na nani? Gemu ya kucheza peke yako unaweza kuichagua kwa macho tu. Ya kucheza na watu ni tofauti, kwa sababu ukiichagua umeshachagua pia mtakavyogombana na mtakavyopatana.

Nianze na vifaa, maana huko ndiko pesa inakoishia. Kibodi na kipanya vinakuja na kila kompyuta, hata ile iliyotumika ofisini Ulaya ikaja kuuzwa Kariakoo. Kwa gemu ya bunduki hivyo ndivyo vifaa vyenyewe. Mkono wa kushoto unatembea kwa W, A, S na D, wa kulia unalenga, na mwenye kipanya cha bei ya chini hana cha kumwogopa mwenye kipanya cha bei mbaya. Gari ni habari nyingine. Kitufe cha kibodi hakijui nusu: ukikibonyeza umekata kona yote, ukikiachia umenyooka. Breki vivyo hivyo. Kwenye gemu inayofuata fizikia ya gari la kweli, kama Assetto Corsa ya Waitalia wa Kunos Simulazioni iliyotoka rasmi mwaka 2014, programu itakulainishia kidogo, lakini mwenye usukani mezani na pedali miguuni atakuacha kona ya pili. Mkikaa watano chumba kimoja na usukani uko mmoja, mshindi mnamjua kabla taa hazijawaka.

Kwangu Sinza, Jumamosi jioni, tunakuwa watano. Tunacheza Counter-Strike, na sioni dalili ya kuiacha.

Asili yake inanifurahisha. Mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliichukua gemu ya watu wengine, Half-Life, wakaigeuza kuwa yao na kuwagawia watu bure. Kampuni ya Valve ikawachukua, na mwaka uliofuata ikaitoa rasmi. Tangu hapo picha zimebadilika mara nyingi, umbo limebaki. Watano wanataka kutega bomu, watano wanazuia. Raundi ni sekunde 115. Bomu likishategwa, wazuiaji wana sekunde 40 za kulitegua. Na ukifa umekufa: unakaa unatazama skrini za wenzako hadi raundi iishe.

Toleo la sasa ni la bure, ila linahitaji nafasi ya GB 85 kwenye diski. Ukilipakua kwa bando utalia. Kwetu lilipakuliwa na mmoja mwenye faiba, likatembea nyumba hadi nyumba kwenye diski ya nje.

Kinachonifanya niipende ni pesa iliyomo ndani yake. Kila mchezaji anaanza na dola 800 za kwenye gemu, ambazo hazitoshi kununua bunduki ya maana. Unapata zaidi ukishinda, ukiua, ukitega bomu. AK-47 ni dola 2,700. Baada ya raundi tatu utakuta mmoja wenu ana dola elfu saba na mwingine ana elfu moja na kitu, kwa sababu kila alipotokeza alipigwa. Hapo mwenye nazo ananunua bunduki mbili na kumwangushia mwenzake moja chini. Hakuna kanuni inayomlazimisha. Angeweza kujiwekea pesa zake, raundi inayofuata akanunua ile ya kulenga mbali ya dola 4,750 inayomfanya aonekane shujaa. Lakini timu yenye tajiri mmoja na maskini wanne hufungwa, na watu hulijua hilo mapema kuliko wanavyolijua nje ya gemu. Kwetu kila raundi inafunguliwa na swali moja, kabla hata ya kupanga nani aende wapi: "Nani hana?"

Binamu yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, vidole vyake ni vizito. Kwa kulenga ndiye wa mwisho kati yetu, na yeye ndiye hubebeshwa bomu. Anakuja nyuma taratibu, wanne tunafungua njia, na kazi yake ni kufika. Kuna raundi moja naikumbuka vizuri. Wanne wote tulishakufa, wapinzani walibaki wawili, na yeye alikuwa peke yake na bomu mgongoni. Tulikuwa tumesimama nyuma ya kiti chake. Akalitega, akajibanza kwenye kona ya kiza karibu na makasha, akatulia. Wa kwanza akaja kulitegua, akampiga. Wa pili hakuwa na haraka. Akawa anamtafuta, anachungulia kona moja baada ya nyingine, na mwalimu hakugusa kitufe hata kimoja. Bomu likalipuka. Mtu asiyeweza kulenga alitushindia raundi kwa sababu aliweza kukaa kimya sekunde arobaini, na sidhani kuna gemu ya magari ambayo ingemtafutia nafasi mtu wa namna hiyo.

Kwenye mbio, wa mwisho anakuwa wa mwisho kweli. Wenzake wamemtangulia nusu mzunguko, hawaoni taa zake kwenye vioo, na hakuna anachoweza kuwafanyia. Kosa la kona ya kwanza anazunguka nalo hadi mzunguko wa mwisho. Kwenye Counter-Strike kosa ni kali lakini lina umri mfupi. Ukizembea unakufa papo hapo, na baada ya dakika moja au mbili unaamka mzima kama wengine. Tena walioitengeneza waliwafikiria hata wanaofungwa mfululizo: posho ya anayepoteza hupanda kwa dola 500 kila raundi hadi 3,400, wakati walioshinda kwa kuwamaliza wapinzani wanalipwa 3,250 kila mmoja. Mtu akiwa chini kabisa anapewa zaidi kidogo ya mshindi ili aweze kunyanyuka. Nimeishi kwenye mitaa na ofisi ambako mambo huenda kinyume cha hapo, kwa hiyo kanuni hiyo ndogo huwa sipiti juu yake bila kuifikiria.

Najua neno linalofuata, kwa sababu dada yangu aliliweka mezani. Alikuja kumchukua mwanawe, akasimama mlangoni akitutazama, akasema, "Kaka, sasa hapa mnafundishana nini zaidi ya kuua?" Sikumjibu palepale, na sitaki kumjibu kirahisi hapa. Anachokiona ni cha kweli. Kwenye skrini kuna bunduki zenye majina ya bunduki halisi, kuna damu, na kundi moja linaitwa magaidi. Gemu za bunduki za mtandaoni zina ukoo, na ukoo huo hauanzii kwenye upole: John Romero, mmoja wa waliotengeneza Doom iliyotoka Desemba 1993, ndiye aliyeuita mchezo wa kuwindana humo "deathmatch", yaani pambano la kifo, na watu wanne waliweza kuunganisha kompyuta zao wakatafutana vyumbani. Ninachoweza kumwambia dada ni kwamba mimi hukaa nikisikiliza kinachosemwa chumbani, na kinachosemwa ni "wawili kushoto", "nikinge", "ngoja nakuja", "chukua yangu". Mtu mzima anajua anachocheza. Mtoto ni suala jingine, na kwenye hilo dada ana haki yote. Toleo lililotoka mwaka 2012 lilipangiwa Marekani wenye miaka 17 kwenda juu. Mwanawe ana kumi.

Basi siku anayokuwepo yeye bunduki zinazimwa, tunafungua Trackmania. Hii ni ya Wafaransa wa Nadeo, ilianza 2003, na ina matoleo ya bure mepesi yanayokwenda hata kwenye laptopu iliyochoka. Inaendeshwa kwa vitufe vinne vya mishale, kwa hiyo lile tatizo la usukani halipo kabisa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kwenye mbio za kawaida magari hayagongani. Yanapitana mwilini kama vivuli. Kila mmoja anashindana na muda wake, ukikosea unabonyeza kitufe kimoja na kuanza upya, na mtoto wa miaka kumi anaweza kumshinda mjomba wake bila mjomba kumwachia. Anapiga kelele, "Mjomba, nimekukata nusu sekunde!" na kweli amenikata. Hakuna aliyemgonga, hakuna aliyemzibia njia, hakuna wa kulaumiwa. Kwa umri wake naona inatosha. Kugongana na watu na kutafuta nani mwenye kosa atakutana nako baadaye.

Mimi nilikutana nako nilipoanza kucheza na mdogo wangu aliye Uingereza.

Hapo mambo yanageuka, na ndipo nilipoelewa kwa nini sipendi kumjibu mtu kabla sijajua atacheza na nani. Tangu nyaya za SEACOM na EASSy zitue pwani yetu mwaka 2009 na 2010, hatutegemei tena setilaiti iliyoko kilomita 36,000 angani, na kucheza na mtu wa Ulaya kunawezekana. Lakini umbali haujafutika. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, waya unazunguka Bahari ya Shamu na Mediterania, na kwenda na kurudi huchukua milisekunde mia moja na kitu. Kwa barua pepe si kitu. Kwa bunduki ni ugomvi.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Ananiona kwenye skrini yake nikiwa bado uwanjani, anafyatua, anapata. Kwenye skrini yangu mimi nimeshaingia nyuma ya ukuta, salama, halafu nakufa. Napiga simu, "Umenipigaje kupitia ukutani?" Naye anaapa nilikuwa wazi. Sote tunasema kweli. Seva ya Counter-Strike, risasi ikiifikia, hurudisha saa nyuma kidogo na kuangalia mpigaji alikuwa anaona nini wakati anafyatua, kisha inahukumu kwa macho yake. Si uonevu, bila hivyo mtu wa mbali angempata mtu kwa shida sana. Lakini maana yake ni kwamba mmoja anapewa haki kamili na mwingine anakufa nyuma ya ukuta, na ndugu wawili wanabaki kwenye simu, kila mmoja na ukweli wake mkononi. Tulifika mahali tukawa tunacheza kwa dakika kumi na kubishana kwa ishirini.

Tukahamia magari. Huko nako kuna kuchelewa vilevile, tena hesabu yake inatisha: gari lenye mwendo wa kilomita 200 kwa saa linakwenda kama mita 55 kwa sekunde, hivyo kwa milisekunde 150 limesogea mita nane, karibu urefu wa magari mawili. Gari lake ninaloliona ubavuni mwangu ni makisio ya kompyuta. Tofauti ni kwamba kwenye mbio nina dawa ya makisio hayo, nayo ni kumwachia nafasi. Kwenye gemu ya bunduki nafasi haisaidii chochote.

Hata hivyo tuligongana, na tukaanza tena kuulizana nani kamgonga nani. Kilichotuokoa ni kanuni tuliyoiazima kwa iRacing, gemu ya kulipia iliyofunguliwa 2008 na David Kaemmer pamoja na John W. Henry, yule mmiliki wa Liverpool. Humo hakuna refa wa kutazama kila mgongano. Magari yakigongana kwa nguvu, madereva wote wawili huandikiwa alama nne za tukio, aliyegonga na aliyegongwa. Mara ya kwanza kuisikia niliona ni dhuluma. Baadaye nikaona inafanya kitu ambacho refa hawezi: inamfanya kila mmoja ajiulize kabla ya kona, wala si baada yake, kama pale anapotaka kupita ni pa kupita. Anayejua kwamba hata akiwa na haki ataandikiwa, haendi kuweka gari lake mahali ambapo usalama wake unategemea mwingine asikosee.

Sisi tuliifanya iwe nyepesi zaidi. Tukigusana, wote tunapunguza mwendo hadi yule aliyeyumba arudi barabarani, kisha tunaendelea kama tulivyokuwa. Hakuna kusema ilikuwaje. Monza, ile kona ya kwanza inayobana ghafla baada ya njia ndefu iliyonyooka, ndiyo iliyokuwa inatugombanisha kuliko zote. Siku hizi aliye nyuma anaanza kukanyaga breki mita kumi kabla ya pale anapopaona panafaa, na aliye mbele anaacha upana wa gari zima upande wa ndani, hata kama haoni mtu. Anaacha kwa ajili ya gari ambalo huenda lipo na picha yake haijafika. Mbio zinachukua nusu saa. Tunaongea habari za mama, za ada, za baridi ya huko, na mikono ikiwa kazini, na simu haikatwi tena kwa hasira.