Laki moja ya karantini

Julai 2021, nchi ikiwa imefungwa siku 42, serikali ya Uganda iliwatumia wanyonge wa mijini shilingi 100,000 kwa simu: bodaboda, wafanyakazi wa saluni na wengineo. Jinja na Mbale, majiji tangu 2020, zilikuwemo. Mkulima wa kijijini hakuwemo. Eti chakula anacho. Kweli matoke alikuwa nayo, ila wanunuzi ndio hawakuonekana.

Mmoja wao ni mzazi wa madrasa yetu hapa Jinja. Kijana wa bodaboda anayembebea matoke alipata, akatuuliza: "Maalim, hii ni yangu peke yangu?" Tukamjibu ni halali yake. Alinyamaza, kisha akampelekea mzee nusu. Sisi tuliojibu hatukuwa tumempelekea hata chumvi.