Jioni moja juu ya ziwa Kivu

Kila mara vakansi ikikaribia, wazazi wengine huuliza: Watoto hawa wanakwenda kambini kutafuta nini? Nyumbani wana kitanda. Kule watalala chini na kula maharagwe siku zote. Sisi tuliolelewa katika Xaveri, chama cha vijana kilichoanzishwa na Padri Georges Defour huko Bukavu katika mwaka 1952, tuna jibu. Mengi ya kambi tumeyasahau, lakini jioni moja ya ziwani hatutaisahau.

Ilikuwa kiangazi, nasi tulipiga kambi kando ya ziwa Kivu. Tangu asubuhi habari yetu ilikuwa moja tu: leo tutapanda mashua, tutakwenda kuona wavuvi wa sambaza wakiwasha taa. Viongozi wetu walichagua usiku usio na mwezi, kwa maana mwezi uking'aa, taa ya mvuvi haina nguvu.

Mwenye mashua, mzee mvuvi, akatuhesabu kwa kidole. Akasema: «Watoto wangu, mashua hii yachukua 12. Ninyi ni 17.»

Tukambembeleza: «Mzee, sisi ni wadogo, wawili wetu ni uzito wa mtu mmoja!»

Akacheka, akajibu: «Ziwa halijui mdogo wala mkubwa.» Na kasia hakuishika.

Tukanyamaza, kila mtu akitazama miguu yake. Ndipo watano katika wakubwa wetu wakatoka mmoja mmoja, wakasema: «Sisi tutabaki, tutawasha moto.» Hakuna aliyewaamuru.

Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya milima. Maji yakawa meusi, na kisiwa cha Idjwi kikaonekana mbali kama nyama mkubwa aliyelala. Tuliwasikia wavuvi kabla ya kuwaona, maana huimba wakipiga kasia. Walikuja na mitumbwi yao mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukining'inia katikati. Taa zikawashwa moja moja, hata ziwa likafanana na mbingu yenye nyota. Mzee akatueleza: taa huvuta vidudu vidogo vya majini, sambaza huvifuata wapate kula, na wavu unawangoja chini. Tena sambaza ni wageni katika Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika, kuelekea mwaka 1960, na leo walisha jamaa nyingi. Tukasali fungu moja la Rozari, na kutoka mtumbwi mmoja sauti za wavuvi zikaitikia pamoja nasi.

Kisha upepo ukainuka. Kivu haina mamba, lakini kina chake chapita mita 480, na mawimbi yake si ya kuchezea. Maji yakaturukia miguuni. Mdogo wetu mmoja akaanza kulia. Mzee akageuza mashua, akatafuta pwani kwa macho. Milima yote ilikuwa giza, isipokuwa mahali pamoja: moto wa wale watano. Tukaufuata mpaka tukakanyaga mchanga. Walikuwa wametuchomea viazi vitamu. Kesho yake jioni, mzee alikuja kuwachukua wao, bila kuombwa.

Kama wangaling'ang'ania kupanda, mashua isingalishinda mawimbi yale, wala moto usingalikuwako. Hayo si mawazo tu. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu na Kituku, huko Goma, pwani ikiwa machoni pao. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na watu wengi walikufa. Wengi walipita majini kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara, hatuwalaumu, tunawaombea. Lakini mwenye chombo asiyetaka kuhesabu watu atajibu mbele ya Mungu.

Basi, wazazi, waacheni watoto waende kambini. Huko watajifunza kuimba na kucheza, ndiyo. Tena watajifunza kuhesabu watu kabla ya kushika kasia, na kusema bila kinyongo: Mimi nitabaki. Bwana wetu Yezu Kristu alipanda mashua ya Simoni Petro. Lakini baada ya kufufuka alisimama pwani alfajiri, moto wa makaa umekwisha kuwaka, akiwangoja rafiki zake waliokesha ziwani.