Bujora: Ngoma Hii Analipa Nani?

Kama wewe na mwenzio mmeshapitia vikao vya harusi, hapa utanielewa haraka. Kikao cha nne, kwenye baa moja pale Sinza, kamati ilifika kwenye mstari ulioandikwa "kikundi cha ngoma kutoka Magu". Usafiri, chakula, posho. Katibu akauliza kama kuna ulazima. Mtu akasema DJ anatosha, atapiga hata hizo za asili. Mstari ukakatwa. Mapambo, shilingi milioni nne, yalipita bila mtu hata kukohoa.

Nisikufiche: mimi ndiye niliyesema "tukate". Mchaga na hesabu zake! Mchumba wangu, Msukuma wa Magu, hakubisha. Alinyamaza tu mpaka nyumbani, na kesho yake bado amenyamaza. Tuligombana wiki nzima bila kupaza sauti, na ugomvi wa aina hiyo ndio mbaya kuliko wote.

Likizo ilipofika tulikuwa tumepanga Zanzibar. Akasema, "Twende Mwanza kwanza. Kuna sehemu nataka uione, halafu ukitaka ukate, kata." Basi, tukaenda.

Bujora haina shida kufika. Kutoka Mwanza mjini unashika barabara ya Musoma, unapita Igoma, unashuka Kisesa. Ni kama kilomita 20 hivi, daladala zipo za kumwaga. Kutoka barabarani unachukua bodaboda, au unatembea kama sisi, huku majabali yamekuzunguka. Viatu vya kisigino viache hotelini, dada yangu. Nimejifunza kwa maumivu.

Hapo ndipo lilipo Jumba la Makumbusho ya Wasukuma, lililofunguliwa mwaka 1968. Lilianzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, na mpaka leo kituo kiko chini ya Kanisa Katoliki. Hata kanisa la hapo ni la mviringo, kama msonge. Usitegemee jengo moja lenye viyoyozi. Ni kijiji: nyumba ya Msukuma, ya mhunzi, ya mganga, na jengo la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi.

Siku ile wageni tulikuwa wawili tu. Mzee aliyetutembeza alisalimiana na mchumba wangu "mwangaluka", wakaulizana ukoo, na kuanzia hapo mimi nikawa "mayu" na tukawa "wanangu".

Ndani ya jengo la watemi kuna ngoma. Yaani ngoma za ukweli, kubwa, za tawala mbalimbali za Usukumani. Mzee akatueleza kwamba zamani ngoma hizi zilikuwa na mwenyewe, mtemi, na apigaye ngoma ya mtemi alikula kwa mtemi. Mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa watemi. Sababu zilikuwepo, sipingi. Ila siku hiyo ngoma zikabaki bila wa kuzilisha.

Nikauliza, kwani ngoma inakula? Mzee akacheka sana. Mchumba wangu hakucheka, akawa ananiangalia tu.

Inakula, jamani. Ngozi inapasuka, mti unaliwa na wadudu, nyasi za paa la msonge zinaoza na lazima paa liezekwe upya. Na hiyo ni ngoma iliyokaa kimya. Ile inayochezwa ina mavazi, ina lori la kubeba wachezaji, ina watu thelathini wenye njaa.

Zamani mfumo ulijilipa wenyewe, na hapa ndipo kichwa changu cha hesabu kilipoamka. Wacheza bugobogobo ni wakulima. Walilima shamba la mtu kwa mdundo wa ngoma, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mwenye shamba akawalisha na kuwalipa. Mashindano yakaja baada ya mavuno, wakati chakula kipo na pesa ya pamba iko mfukoni.

Na mashindano yenyewe! Kuna makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu. Yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana utaona wanaocheza na chatu, wanaocheza na majembe, kila mbinu, na dawa za mvuto juu yake. Hakuna jaji. Umati unahama kwa miguu yake, biashara imekwisha. Sherehe kubwa ya Bujora, Bulabo, huanza sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo mara nyingi huangukia Juni. Kama una nafasi moja tu ya kwenda, nenda wakati huo.

Leo analipa nani? Kuna kiingilio cha mlangoni, yaani wewe na mimi. Kuna wafadhili, ambao huja na mradi na kuondoka nao. Serikali nayo ina mfuko wa utamaduni na sanaa. Ule wa kwanza, wa mwishoni mwa miaka ya 1990, ulitegemea sana fedha za Sweden. Ulipofufuliwa miaka ya karibuni ukaja na mikopo kwa wasanii kupitia benki. Kwa mwanamuziki wa Dar mkopo unaweza kuleta maana. Ila sijui kikundi cha wakulima wa Magu kinaweka dhamana gani benki. Chatu?

Tukaingia nyumba ya mhunzi, tukatoka, tukakaa chini ya mti. Mchumba wangu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia kwa miaka mitatu: babu yake alikuwa mpigaji, na ngoma yake iliuzwa kwa mtalii mwaka ambao ada ya shule ya baba ilikosekana. "Sikutaka onyesho," akasema. "Nilitaka mtu mmoja tu ukoo wetu apigiwe tena."

Wiki nzima nilidhani tunagombania bajeti.

Jioni, tukiwa tunakula sato pembeni ya ziwa, nilimpigia mwenyekiti wa kamati. Nikamwambia mapambo yashuke hadi milioni mbili, na ule mstari urudi. Akasema, "Shemeji, mama yako atasemaje kuhusu maua?" Nikamjibu mama niachie mimi.

Mama bado hajaambiwa. Kikao ni Jumamosi.