Anti Anatafuta Mahali pa Baridi

Mwaka jana mwezi wa sita, saa nane usiku, simu yangu ikalia. Anti wa Texas. Kama uko na anti majuu unajua simu ya saa hiyo ni kitu moja kati ya mbili: kuna mtu ameenda, ama amesahau tumepishana masaa manane.

Hakuwa amesahau. "Mami, umelala?" akaniuliza. "Hii joto itaniua."

Wacha niwaambie tulikuwa tumefika wapi mimi na yeye. Anti ni dadake mkubwa babangu. Ndiye alinilipia karo ya campo miaka miwili. Halafu nikaacha shule ndio nifanye kontenti, na yeye akajua kupitia vidio yangu, si kutoka kwa mdomo wangu. Miezi minane hatukuongea. Nikituma meseji anasoma, tiki mbili za bluu, kimya. Kwa hivyo usiku huo sikuwa naskiza mambo ya joto peke yake. Nilikuwa naskiza kama nimesamehewa.

Stori yenyewe ni hii. AC ya nyumba anayopanga nje kidogo ya Dallas ilikuwa imekufa siku nne. Kila siku anaambiwa fundi anakuja kesho. Anti ana miaka 68, ana presha, na kati ya dawa zake kuna ile ya kupunguza maji mwilini. Ndani ya nyumba hakukuwa kunalalika, so alikuwa analala kwa gari, injini imewashwa, kama konda wa matatu. Mwanamke ambaye kwa miaka 20 alifanya kazi ya usiku ya kuangalia wazee wa watu wengine.

"Wewe si unakaa kwa intaneti siku mzima?" akasema. "Basi nitafutie mahali wazee wanakaa, penye baridi. Miezi ya joto tu, halafu nirudi kwangu."

Nikasema sawa Anti. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Kitu ya kwanza iliyonishangaza ni kwamba mitaa mingi ya wazee kule Marekani imejengwa kwenye joto, na kwa makusudi. Sun City ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1960, jangwani Arizona karibu na Phoenix, na mjenzi anaitwa Del Webb. Gofu, bwawa la kuogelea, jua mwaka mzima, hakuna watoto wanaopiga kelele. Waliokuwa wanauziwa hiyo ndoto ni watu wa huko juu wenye theluji mpaka magotini. Walikuwa wanakimbia baridi, na AC ndiyo iliwawezesha kukaa. Hiyo fomu ikaenea kila mahali penye jua. Sheria ya 1995 inairuhusu: kama angalau asilimia 80 ya nyumba zenye watu ziko na mtu wa miaka 55 kwenda juu, mtaa unaweza kukataa familia zenye watoto.

Sasa mambo yamegeuka. Mwaka wa 2023, Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo ikigonga digrii 43 na zaidi. Kaunti ya Maricopa, ambayo ndiyo ya Phoenix, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo mmoja. Dallas nayo mwaka wa 2011 ilikuwa na siku 71 za kufika digrii 38. Anti alikuwa huko. "2011 nilikuwa na miaka 54," aliniambia. "Nilikuwa natembea kwenda kazi. Sasa natembea mpaka kwa pipa la takataka napumzika."

Na si uvivu. Mwili ukizeeka unatoa jasho kidogo, na hata kiu hausikii mapema. Ukiongeza dawa ya kutoa maji, mtu anaweza kukauka akiwa amekaa kwa kochi anaangalia runinga. Ubaya zaidi ni usiku. Kama usiku hakupoi, moyo haupati mapumziko. Tukiskia "joto Marekani" huku sisi tunafikiria watu wako beach. Hapana wasee.

Basi nikafanya listi. Kuna njia mbili za kukimbia joto: kupanda juu ama kwenda kaskazini. Kupanda juu tunaijua vizuri. Kila mita 1,000 unapunguza kama digrii 6, ndio maana Mombasa unatembea na leso na Limuru unatembea na jaketi.

Nikamtumia Ruidoso, huko New Mexico, mita kama 2,100 juu, milima na misonobari. Watu wa Texas wamekuwa wakikimbilia huko miezi ya joto tangu zamani. Akajibu dakika mbili baadaye: "Si hapo ndio kulichomeka?" Nikaangalia. Juni 2024 moto wa msitu uliingia, kijiji kizima kikaambiwa kitoke.

Nikamtumia Asheville, North Carolina. Iko milimani, wastaafu wanaipenda. Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yalileta mafuriko, na maji ya bomba ya kunywa salama yakarudi Novemba.

Nikamtumia Flagstaff, Arizona, nayo pia kama mita 2,100. Akasema hapana, moyo wake na hewa nyepesi hawaelewani tena. Kumbe hiyo njia ya kupanda juu si ya kila mzee. Nilikuwa nimesahau kabisa, na mimi ndiye mtu wa "research".

Halafu nikapata Duluth, Minnesota. Iko kwenye ukingo wa Ziwa Superior, na maji ya hilo ziwa ni baridi hata Julai, kwa hivyo upepo wake ni kama friji imeachwa wazi. Mchana wa Julai unacheza kwenye digrii 24 au 25. Mwaka wa 2019 msomi mmoja wa Harvard, Jesse Keenan, aliitaja kama mji ambao watu wanaweza kukimbilia dunia ikichemka. Baridi yake ya Januari ni ya kuua, lakini Anti hakuwa anataka Januari. Hata Duluth si mbinguni: 2023 moshi wa moto wa misitu ya Kanada uliifunika Minnesota, watu wakaambiwa wakae ndani. Hapo ndipo niliacha kutafuta mahali salama. Hakuna. Unachagua ile hatari unaweza kuishi nayo.

Nilimtumia link za mitaa ya wazee ya huko, picha safi, watu wenye meno meupe wakicheza karata. Nilitegemea aseme asante. Badala yake alinipigia na maswali, na maswali yake yalinionyesha kwamba mimi nilikuwa naangalia picha tu. Niliyaandika:

1. Stima ikipotea, jenereta inawasha nini? Mwaka wa 2017 huko Florida, kimbunga Irma kilikata AC ya nyumba moja ya kutunza wazee na wazee 12 wakafariki. Baada ya hapo Florida ikalazimisha nyumba za aina hiyo kuwa na umeme wa akiba wa kupoza hewa. Mtaa wa kawaida wa wazee wanaojitegemea haumo kwenye hiyo sheria. Na Julai 2024, kimbunga Beryl kilipopita Houston, zaidi ya wateja milioni 2 walikosa stima katikati ya joto.

2. Saa nane usiku nikianguka, ni nani anafungua mlango? Mitaa mingi ya 55 kwenda juu inakuuzia nyumba na bustani. Nesi hayupo. Mimi nilidhani "mahali pa wazee" ni kitu kimoja. Anti alicheka.

3. Bima yangu inafika hapo? Hii ilinimaliza. Wazee wa Marekani wako na Medicare. Ile ya kawaida ya serikali unaitumia jimbo lolote, kwa daktari anayeikubali. Lakini Anti ako kwa ile ya kampuni binafsi, Medicare Advantage, na yake imefungwa kwa hospitali za eneo lake. Nje ya hapo inalipa dharura, kliniki ya kawaida hapana. Dirisha kuu la kubadilisha ni tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba, na kurudi kwa ile ya kawaida ukiwa tayari mgonjwa si kama kubadilisha bando.

4. Mjukuu wangu anaweza kulala usiku ngapi? Msichana ana miaka 12, na shule zikifungwa anakaa kwa Anti kwa sababu mamake anafanya kazi. Mitaa mingine inahesabu siku za mtoto mgeni kama viza.

5. Ni nani hapo ataongea na mimi?

Hilo la tano nililiruka. Nikamwambia kuna bwawa, kuna klabu ya vitabu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mami, mimi hizo nyumba nimeziingia na mlango wa nyuma miaka ishirini. Wakiniona nimekaa kando ya bwawa wataniuliza taulo ziko wapi."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Najua wengi wenu mnataka kuniuliza nini. Si arudi tu nyumbani? Manze, hata mimi niliuliza. Na inachoma zaidi kwa sababu Anti amejenga Ol Kalou. OL KALOU! Juni mpaka Agosti, wakati Dallas inachomeka, sisi huku tumevaa sweta mbili. Kwa karatasi hiyo ndiyo plani bora duniani.

Lakini hii ndiyo hesabu yake. Medicare, kwa kawaida, hailipi matibabu nje ya Marekani. Ameikatwa kwa mshahara miaka yote hiyo, na akipanda ndege inabaki uwanjani. Mara ya mwisho alipokuja alishikwa na kifua usiku, na hospitali tuliyomkimbiza ilitaka deposit kwanza ndio aonwe. Alitoa kadi yake mwenyewe, akiwa hawezi kupumua vizuri. Halafu kuna geti. Kila asubuhi kulikuwa na mtu kwa geti: karo, harambee, ng'ombe mgonjwa, biashara inataka kuanza. "Nilikuja kupumzika," aliniambia, "nikawa ATM yenye miguu." Nilinyamaza, kwa sababu mimi pia niliwahi kusimama kwa hilo geti. Karo ya campo ilitoka wapi?

Kwa hivyo ukimwambia mtu wa majuu "rudi tu nyumbani", jiulize kwanza unamwita yeye ama unaita pochi. Nyumba pekee haitoshi kumrudisha mzee. Anataka daktari, na anataka watu ambao wakibisha mlango wanauliza ameamkaje.

Tulichofanya mwishowe ni kidogo kuliko ile ndoto ya link zangu. Hakununua chochote. Alikodi chumba kimoja Duluth, ghorofa ya chini, kwa jengo la wapangaji wa miaka 55 kwenda juu linalokubali mtu wa muda mfupi. Wiki sita tu, katikati ya Julai mpaka mwisho wa Agosti, kwa sababu rent ya Dallas ilikuwa inaendelea, na pensheni ya mtu aliyekuwa akiosha wazee haiwezi kubeba nyumba mbili miezi mitatu. Kabla aende alimwona daktari wake, akabeba dawa za miezi mitatu, ndio bima ibaki ya dharura peke yake. Alichagua hapo pia kwa sababu rafiki yake wa kanisa anaishi Minneapolis, kilomita kama 250, na Minneapolis kuna Wakenya wa kutosha kupata chapati na udaku. Mjukuu alikuja wiki moja.

Alinipigia vidio mwanzo wa Agosti. Amevaa sweta. Mimi pia nilikuwa nimevaa sweta, si mnajua Nairobi ya mwezi wa nane. Alionekana kama mtu aliyelala.

"Majirani wako aje?" nikamuuliza.

"Mmoja alinisalimia. Mwingine aliniuliza kama mimi ndiye wa kusafisha korido." Akacheka, lakini si sana. "Huyo wa kwanza ananitosha kwa sasa."

Halafu akaniuliza: "Hii kazi umenifanyia, huko campo wangekupa maksi ngapi?"

"Sijui, Anti."

"Ungemaliza ungejua."

Basi. Hiyo ndiyo samahani niliyopata, na nimeichukua. Mwaka huu amesema nianze kutafuta mapema, na nianzie swali la tano.

Na wewe unayesoma hii, uko na mzazi ama anti ama mjomba anayezeeka mahali, iwe ni Dallas, Doha ama Donholm. Mpigie wikendi hii. Usimwombe kitu. Muulize anataka kuzeekea wapi, na ni nani atamfungulia mlango saa nane usiku. Kama hajui, basi si yeye peke yake anafaa kutafuta.