Bei Nayo Huchora

Nikizikumbuka picha za Tingatinga za zamani na kuzilinganisha na zinazotundikwa leo kwenye maduka ya Unguja na Arusha, naona kuwa bei nayo imeshika brashi tangu mwanzo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia alichokimudu: vipande vya mbao za dari na rangi ya kopo, ile ya kupaka baiskeli. Wanunuzi wake walikuwa hasa wageni wa mtaa wa Oysterbay waliofika kwenye duka la Morogoro Stores mtaani humo kujinunulia mahitaji ya nyumbani. Picha ilipaswa kumvutia papo hapo mtu aliyetoka na kikapu cha mboga, na chui mmoja mwenye madoa, akijaza ubao mzima, aliimudu kazi hiyo vizuri.

Tingatinga aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, lakini wanafunzi wake, wengi wao jamaa zake, waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda ushirika. Mnunuzi naye akabadilika. Mtalii hana nafasi ya ubao ndani ya begi, basi kitambaa kikatawala, kwa kuwa hukunjwa kama mkeka. Mlima Kilimanjaro, Wamasai na makundi ya pundamilia wakaingia, maana mtalii anataka safari nzima katika picha moja.

Wapo wanaosema soko hili la watalii limeua ubunifu, kwamba twiga yule yule anarudiwa hadi anachosha. Kuchosha anachosha, sikatai. Ila kunakili hakukuletwa na watalii: ndivyo ufundi huu ulivyofundishwa tangu awali, mwanafunzi akijaza rangi na kufuatisha mkono wa mwalimu. Wengine wanashauri wachoraji wapandishe bei, wakitaja jinsi picha za Tingatinga mwenyewe zinavyosakwa na wakusanyaji. Thamani hiyo ilikuja baada ya kifo, wakati kodi ya chumba inadaiwa kila mwezi. Mimi naona hasara iko kwingine, katika duka la mbali ambako picha inauzwa na mtu asiyemjua aliyeichora. Pale Oysterbay mchoraji bado anaweza kukaa karibu na kazi yake, akaagizwa kitu kipya, akataja bei yake mwenyewe na kupatana na mteja ana kwa ana.